Kikokotoo cha mafao: Tarakimu moja ndani ya kompyuta, mamilioni mkononi mwa mstaafu

ASILIMIA tano si kitu cha kumkosesha mfanyabiashara usingizi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi huipunguza kwenye bei ya bati ili mteja asiondoke, na mnunuzi wa mazao huipata au kuipoteza kabla ya saa sita mchana. Lakini kwa mtumishi wa umma anayestaafu baada ya miaka 30 ya kazi, akiwa na mshahara wa sh. 1,200,000 kwa mwezi, asilimia tano hizo hizo ndani ya kikokotoo cha mafao ni sh. 5,586,207 za mkupuo.

Fedha hizo hupatikana au hukosekana kutokana na tarakimu iliyoandikwa katika mstari mmoja wa jedwali ndani ya kompyuta ya mfuko. Sheria na kanuni ndizo zinazoweka ukomo wa kile ambacho mstaafu anaweza kulipwa kwa mkupuo. Hata hivyo, kinachoutekeleza ukomo huo siku ya malipo ni programu, na kompyuta haisomi Gazeti la Serikali. Inafuata kile tu ilichoandikiwa.

Suala hili linawahusu wafanyabiashara na wawekezaji wadogo kwa sababu mbili. Kwanza, mkupuo wa mstaafu ni mtaji unaoingia sokoni. Ndio unaomalizia nyumba, unaofungua duka, unaonunua mashine ya kusaga na kulipa madeni yaliyosubiri kwa miaka. Pili, mifuko ya pensheni ni miongoni mwa wawekezaji wakubwa wa hatifungani na hisa hapa nchini. Kila shilingi inayotoka kwa mkupuo leo ni shilingi ambayo haibaki kuwekezwa kesho.

Mifuko minne ndani ya mmoja

Hadi Julai 2018 watumishi wa umma Tanzania walitawanyika katika mifuko kadhaa. Walimu na watumishi wengi wa serikali kuu walikuwa PSPF, watumishi wa serikali za mitaa walikuwa LAPF, wa mashirika ya umma walikuwa PPF, na baadhi ya watumishi wa serikali walikuwa GEPF. Sheria Na. 2 ya mwaka 2018 iliiunganisha mifuko hiyo minne na kuunda PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018. NSSF ulibakia kuwa mfuko wa sekta binafsi na sekta isiyo rasmi.

Kuunganisha ofisi na mabango ni kazi ya miezi. Kuunganisha vikokotoo ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu mifuko hiyo haikuwa ikihesabu kwa njia moja.

Wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa wakikokotolewa kwa sehemu ya 1/540 kwa kila mwezi wa utumishi. Nusu ya pensheni yao ya mwaka ilibadilishwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 15.5. Wanachama wa PPF, GEPF na NSSF walikuwa kwenye 1/580, mkupuo wa asilimia 25, na kizidisho cha 12.5.

Kwa lugha ya dukani, hawa walikuwa wateja wa mizani mbili tofauti. Baada ya maduka kuunganishwa, ilibidi mizani iwe moja, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mstari mmoja, kuandikwa mara tano

Kanuni za mwaka 2018 ziliwaweka wanachama wote kwenye 1/580, mkupuo wa asilimia 25 na kizidisho cha 12.5. Kelele za wafanyakazi zilikuwa kubwa. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alisitisha kikokotoo hicho na kuagiza kila mwanachama aendelee kulipwa kwa utaratibu wa mfuko wake wa zamani hadi mwaka 2023.

Kabla muda huo haujaisha, mazungumzo ya serikali, wafanyakazi na waajiri yalizaa kikokotoo kipya kilichoanza tarehe 1 Julai 2022. Sehemu ilibaki 1/580 na kizidisho 12.5, lakini mkupuo uliwekwa kuwa asilimia 33 kwa wote. Waliotoka PPF, GEPF na NSSF walipanda kutoka 25. Waliotoka PSPF na LAPF waliteremka kutoka 50, na wao ndio waliopiga kelele zaidi.

Bajeti ya mwaka wa fedha 2024/25, iliyosomwa bungeni Juni 2024, ilileta badiliko jingine. Kundi lililoteremshwa kutoka 50 hadi 33 lilipandishwa kuwa asilimia 40. Kundi lililokuwa 25 kabla ya kuwekwa 33 lilipandishwa kuwa asilimia 35.

Ukimtazama mwalimu aliyekuwa PSPF, asilimia yake ya mkupuo imeandikwa hivi ndani ya miaka sita: 50, kisha 25, kisha 50, kisha 33, kisha 40. Jirani yake aliyekuwa PPF ameandikiwa 25, 25, 25, 33 na 35. Wote wawili leo ni wanachama wa mfuko mmoja, vitambulisho vyao vina nembo moja, na waajiri wao wanapeleka michango mahali pamoja.

Hesabu yenyewe

Chukua mtumishi wa mfano mwenye miezi 360 ya utumishi na wastani wa mshahara wa sh. 14,400,000 kwa mwaka. Kwa 1/580, pensheni yake kamili ya mwaka ni 360 gawanya kwa 580, zidisha kwa 14,400,000. Jibu ni sh. 8,937,931. Kwa 1/540 ya zamani ingekuwa sh. 9,600,000.

Kutoka hapo ukomo wa kisheria ndio unaogawa. Matokeo ni haya:

Utaratibu wa zamani wa PSPF na LAPF (asilimia 50, kizidisho 15.5): mkupuo sh. 74,400,000, pensheni ya mwezi sh. 400,000.

Asilimia 25 na kizidisho 12.5: mkupuo sh. 27,931,034, pensheni ya mwezi sh. 558,621.

Asilimia 33: mkupuo sh. 36,868,966, pensheni ya mwezi sh. 499,034.

Asilimia 35: mkupuo sh. 39,103,448, pensheni ya mwezi sh. 484,138.

Asilimia 40: mkupuo sh. 44,689,655, pensheni ya mwezi sh. 446,897.

Msomaji ataona kwamba anayepata mkupuo mkubwa anapata pensheni ndogo ya mwezi. Hii ni keki moja inayokatwa kwa kisu tofauti. Ni pale tu sehemu ilipobadilika kutoka 1/540 hadi 1/580, na kizidisho kikashuka kutoka 15.5 hadi 12.5, ndipo keki yenyewe ilipopungua.

Maswali matatu ambayo programu lazima iulize

Kwa mtazamo wa haraka, kubadili 33 kuwa 40 ni kazi ya dakika moja. Mtu anakaa kwenye kompyuta, anafuta tarakimu, anaandika nyingine. Ndivyo makosa yanavyoingia.

Programu ya mafao iliyopangwa vizuri haiandiki asilimia katikati ya hesabu. Inaiweka katika jedwali la vigezo lililo peke yake, na kila mstari wa jedwali hilo una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kanuni ikibadilika, mstari wa zamani haufutwi. Unafungwa kwa tarehe, na mstari mpya unafunguliwa chini yake.

Halafu, kabla ya kumlipa mtu yeyote, programu inatakiwa kuuliza maswali matatu.

La kwanza ni tarehe ya kustaafu. Isichanganywe na tarehe ambayo jalada lilifika mezani, wala tarehe ya hundi. Mtumishi aliyestaafu Juni 2022 na faili lake likachelewa hadi Septemba yuko chini ya utaratibu wa Juni. Programu inayotazama tarehe ya siku ya malipo itampa asilimia ya watu wengine.

La pili ni mfuko wa asili. Kwa kuwa tangu 2024 kuna asilimia 40 na asilimia 35 ndani ya mfuko mmoja, kumbukumbu ya mahali mwanachama alipotoka imekuwa na thamani ya fedha. Data za mifuko ya zamani zinapohamishiwa kwenye mtambo mpya, ni rahisi kuona alama ya mfuko wa zamani kama historia tu, isiyohitajika tena. Mtu akiifuta, amefuta msingi wa kutofautisha sh. 44,689,655 na sh. 39,103,448.

La tatu ni masharti ya kustahili. Pensheni inahitaji angalau miezi 180 ya uchangiaji, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60, ingawa kada chache zina umri wao. Aidha kuna kima cha chini cha pensheni, ambacho programu lazima ikilinganishe na jibu baada ya hesabu kukamilika. Sharti hili likiwekwa mahali pasipofaa, mtu mwenye mshahara mdogo anaweza kulipwa chini ya kima hicho bila mtu kugundua.

Hapa pia pana suala la mtu aliyechangia mifuko miwili. Mtu mwenye miezi 120 NSSF na miezi 100 PSSSF hafikishi 180 popote, endapo kila mfuko utamtazama peke yake. Vipindi vikiunganishwa ana miezi 220. Mtambo usioweza kusoma kumbukumbu za mfuko wa pili utamwona kama mtu asiyestahili pensheni, na barua itakayotoka itasema hivyo kwa lugha ya heshima kabisa.

Makosa madogo, bei kubwa

Makosa ya aina hii hayana sura ya wizi. Mara nyingi ni tabia za kawaida za watu wanaoandika programu.

Mojawapo ni kukata desimali mapema. Moja gawanya kwa 580 ni 0.001724 na kuendelea. Mtu akiandika 0.0017 kwa kurahisisha, mtumishi wetu wa mfano anapoteza sh. 125,131 katika pensheni yake kamili ya mwaka. Kwa mkupuo wa asilimia 40, hasara hiyo inakuwa sh. 625,655. Kompyuta haikukosea hata kidogo. Ilizidisha sawasawa namba iliyopewa.

Jingine ni kubadili upande mmoja wa mizani. Asilimia ya mkupuo ikipanda kutoka 33 hadi 40, asilimia ya pensheni ya mwezi lazima ishuke kutoka 67 hadi 60. Kama namba hizo mbili zimeandikwa mahali pawili tofauti, na aliyebadili amesahau moja, mstaafu atalipwa mkupuo wa sh. 44,689,655 na bado apokee pensheni ya sh. 499,034. Atakuwa anazidishiwa sh. 52,137 kila mwezi. Atafurahi, mpaka siku ya ukaguzi, atakapoandikiwa kurudisha fedha alizokwisha kula. Dawa yake ni kuandika asilimia moja tu, na kuiacha kompyuta itafute ya pili kwa kutoa kwenye 100.

La tatu linahusu mshahara. Kikokotoo cha sasa kinatumia wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho. Utaratibu wa PSPF ulitazama mshahara wa mwisho. Mtumishi aliyekuwa akipata sh. 1,000,000 kwa mwezi kwa miaka miwili, kisha akapandishwa hadi sh. 1,300,000 mwaka wa mwisho, ana wastani wa sh. 1,100,000. Akikokotoa nyumbani kwa 1,300,000 atapanga matumizi ya fedha ambazo hazipo.

Na kompyuta ikiwa salama, bado kuna michango. Miezi sita tu ambayo mwajiri hakuwasilisha, au iliyoingia kwa jina lililokosewa, inapunguza mkupuo wa mtumishi wa mfano kwa sh. 744,828 na pensheni yake kwa sh. 7,448 kila mwezi, akiwa kwenye asilimia 40. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pensheni ni mali kama nyingine. PSSSF una programu ya simu iitwayo PSSSF Kiganjani ambayo mwanachama anaweza kutazamia michango yake. Anayeitazama akiwa na miaka 45 ana muda wa kumfuata mwajiri. Anayeitazama akiwa na miaka 59 anamfuata mwajiri ambaye huenda amekwishafunga ofisi au kubadili jina.

Kujaribu kabla ya kulipa

Benki haizindui mtambo mpya kabla ya kuulinganisha na wa zamani, na mfuko wa pensheni unapaswa kuwa na nidhamu hiyo hiyo. Njia inayojulikana ni kuchukua mafaili ya wastaafu waliokwishalipwa kwa usahihi, wa kila mfuko wa asili na wa kila kipindi cha kanuni, na kuyapitisha upya katika programu. Majibu yakitofautiana hata kwa shilingi, sababu inatafutwa kabla malipo mapya hayajaanza.

Kwa Tanzania majaribio hayo yanapaswa kugusa mipaka yenyewe: mtu aliyestaafu tarehe 30 Juni 2022 na mwenzake wa 1 Julai 2022, mwenye miezi 179 na mwenye miezi 180, wa PSPF na wa PPF wenye mshahara uleule. Kosa hupenda kujificha mpakani.

Faida nyingine ya jedwali lenye tarehe huonekana pale uamuzi wa serikali unaporudi nyuma kuwagusa watu waliokwishalipwa. Mfuko wenye historia kamili unaweza kukokotoa mapunjo ya kila mmoja. Mfuko uliofuta tarakimu za zamani unalazimika kufukua majalada.

Wengine wanafanyaje

Tanzania si nchi pekee ambayo kompyuta zake zinapaswa kukimbizana na kanuni. Nchini Marekani sheria ya pensheni ya mwaka 1974, inayojulikana kama ERISA, iliweka ukomo wa dola 75,000 kwa mwaka kwa pensheni inayolipwa kwa kikokotoo, na dola 25,000 kwa michango ya mwaka katika akaunti ya mtu. Bunge la huko liliipunguza na kuipandisha zaidi ya mara moja. Kwa mwaka 2025 ukomo ulikuwa dola 280,000 na dola 70,000. Idara ya kodi, IRS, hutangaza viwango kila mwaka, na mifuko huongeza mstari mpya katika jedwali.

Jambo la kujifunza huko ni kwamba ukomo unamfuata mtu, hauufuati mfuko. Mwajiri mwenye mipango miwili ya pensheni ya aina moja hawezi kumpa mfanyakazi ukomo kamili mara mbili. Programu lazima ijumlishe mipango yote ya mwajiri huyo kabla ya kulinganisha na sheria.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano wa karibu zaidi. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, kiasi cha juu cha mchango wa pensheni unaopata nafuu ya kodi kilipanda kutoka sh. 20,000 za Kenya hadi sh. 30,000 kwa mwezi. Mfanyakazi anayechangia NSSF ya huko na pia mfuko wa mwajiri wake ana ukomo mmoja kwa yote. Mhasibu ambaye programu yake ya mishahara inahesabu kila mchango kivyake anampa mfanyakazi nafuu asiyostahili, na mamlaka ya kodi ikija itamdai mwajiri.

Kwa Tanzania somo ni lile lile likiwa limegeuzwa. Huko mifuko ni mingi na ukomo ni mmoja. Hapa mfuko wa watumishi wa umma ni mmoja na ukomo ni miwili.

Kwa nini ukomo upo

Mstaafu mwenye hasira huuliza kwa nini asipewe fedha zake zote. Jibu liko kwenye daftari la mfuko wenyewe. Mchango wa mtumishi wa umma ni asilimia 20 ya mshahara, 5 kutoka kwake na 15 kutoka kwa mwajiri. Fedha hizo ndizo zinazowekezwa, na ndizo zinazolipa wastaafu wa leo na wa miaka 30 ijayo. Mkupuo wa sh. 74,400,000 badala ya sh. 44,689,655 ni tofauti ya karibu sh. milioni 30 kwa mtu mmoja, siku moja.

Mfuko wa PSPF ulibeba mzigo mwingine: watumishi walioajiriwa kabla ya 1999, ambao hawakuwa wakichangia, lakini walistahili pensheni kwa miaka yote ya utumishi. Desemba 2021 serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo ya taslimu ya sh. trilioni 2.17 kwa PSSSF kupunguza deni hilo. Hiyo ndiyo picha ambayo ndani yake ukomo wa mkupuo uliandikwa.

Asilimia nane

Kizidisho cha 12.5 kina siri ambayo kila mwekezaji mdogo anapaswa kuijua. Kila sh. milioni 12.5 zinazotolewa kwa mkupuo zinapunguza pensheni ya mwaka kwa sh. milioni 1. Hii ni sawa na asilimia 8. Kwa kizidisho cha zamani cha 15.5, kipimo kilikuwa chini ya asilimia 6.5.

Kwa maneno mengine, mkupuo una gharama. Mtu anayestaafu na miaka 60 anahitaji miezi 150 kabla pensheni aliyoipoteza haijalingana na fedha alizochukua, yaani hadi miaka 72 na nusu. Kabla ya hapo mkupuo umemfaa zaidi. Baada ya hapo pensheni ingemfaa zaidi, isipokuwa kama mkupuo wenyewe ulizaa.

Hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilipangiwa mwaka 2022 riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Sh. milioni 12.5 zilizowekwa humo kwa thamani ya uso zinaleta sh. 1,570,000 kwa mwaka, dhidi ya sh. 1,000,000 za pensheni zilizoachwa, na mtaji unarudi mwishoni. Kwa hesabu hiyo mkupuo ulioingia kwenye hatifungani ulimlipa mwenyewe.

Duka ni habari nyingine. Biashara ya mstaafu isiyozaa asilimia 8 kwa mwaka, baada ya kodi ya pango, mshahara wa muuzaji, bidhaa zilizooza na madeni ya ndugu, inamrudisha nyuma ya mahali ambapo angekuwa kama fedha zingebaki kwenye pensheni. Wengi hawaifanyi hesabu hiyo kwa sababu pensheni iliyopotea haitoi risiti.

Neno kwa wenye maduka

Katika miji mingi mfanyabiashara hupokea mteja anayetaka saruji, mbao au bidhaa za jumla kwa ahadi kwamba mafao yake yako njiani. Ahadi hiyo si ya uongo, lakini kiasi kinachotajwa mara nyingi kinatokana na kikokotoo cha rafiki aliyestaafu miaka mingi iliyopita. Aliyekopesha kwa kutegemea sh. 74,400,000 atajikuta akigombea sehemu ya sh. 44,689,655 pamoja na wadai wengine, ada za shule na familia.

Anayetaka kukopesha kwa akili aulize mambo manne: mteja amestaafu tarehe gani, alikuwa mfuko gani kabla ya Agosti 2018, ana miezi mingapi ya michango iliyothibitishwa, na wastani wa mishahara yake bora mitatu ni kiasi gani. Kwa majibu hayo na kikokotoo cha mfukoni, hesabu ni ya dakika tano. Gawanya miezi kwa 580, zidisha kwa wastani wa mwaka, zidisha kwa 12.5, kisha kwa asilimia inayohusika.

Mstaafu mwenyewe anayo sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, na aifanye kabla ya kusaini karatasi za malipo. Jibu lake likitofautiana na la mfuko, aombe kuonyeshwa namba nne zilizotumika: miezi, wastani, asilimia na kizidisho. Moja ya hizo nne ndiyo iliyotofautiana. Inawezekana aliyekosea ni yeye. Inawezekana pia ni mstari mmoja kwenye jedwali ambao hakuna aliyeutazama tangu ulipoandikwa, na nyuma yake wako wastaafu wengine wa kundi lake waliolipwa kwa mstari huo huo.